Wakala wa kuasili mtoto wa Korea: mpime kwa karatasi, si kwa watu wake wa Seoul

Mawakala wa Marekani wanaoshughulikia watoto wa Korea Kusini bado wanasifiwa kwa kigezo kilichokwisha kufa: wana ubia na shirika gani kule Seoul. Zamani swali hilo lilikuwa na uzito. Mashirika manne, yaani Holt, Eastern, Korea Welfare Services na Korea Social Service, ndiyo yaliyompokea mtoto, yakamtafutia wazazi na kushika faili lake. Tangu 19 Julai 2025 mamlaka hayo yamerudi serikalini, chini ya Wizara ya Afya na Ustawi, na Mkataba wa The Hague, unaolinda watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, ukaanza kutumika Korea 1 Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo anayekuambia "tuna watu wetu kule, tutakuwahishia" anakuuzia foleni isiyo yake.

Foleni yenyewe imebaki fupi mno. Mwaka 1985 waliondoka Korea kwenda kuasiliwa nje watoto zaidi ya 8,800. Mwaka 2024 walikuwa 58, dunia nzima. Serikali imeshatangaza kwamba inataka kufika sifuri ifikapo 2029. Alama za juu tunampa wakala anayekutajia, bila kukuzungusha, amekamilisha kesi ngapi za Korea miaka miwili iliyopita na familia ngapi bado zinangoja. Anayejibu kwa picha za watoto wanaocheka, mwache. (Walioko Denmark na Uholanzi wasijisumbue: wakala pekee wa Denmark alianza kufunga shughuli Januari 2024, na Uholanzi imeamua kuachana na uasili wa nje.)

Ithibati ni sharti la chini kabisa, isikulevye. Wakala wa Marekani lazima awe nayo, na pamoja nayo anafungwa na kanuni ambazo wateja wengi hawazijui. Orodha ya ada, kipengele kwa kipengele, inatakiwa ikufikie kwa maandishi kabla hajaanza kazi. Pesa unazodai zirudi ndani ya siku 60 baada ya huduma kukamilika. Mafunzo ya wazazi yasipungue saa 10. Ukisoma mkataba, nenda moja kwa moja kwenye mstari wa "ada ya nchi ya nje". Ukiuona umeandikwa kwa jumla moja tu, bila kutenganisha tafsiri, matunzo ya mtoto na mahakama, usisaini. Uliza pia kitakachotokea kwa pesa hizo Korea ikifunga mlango ukiwa katikati ya safari. Jibu la mdomo halina kazi hapo.

Sehemu inayoumiza wengi ni mpangilio wa hatua. Fomu ya kwanza ni I-800A, ya kuomba USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) ikuthibitishe kuwa unafaa kuasili, na ripoti ya uchunguzi wa nyumbani isiwe na umri wa zaidi ya miezi 6 siku inapowasilishwa. Kibali kikitoka kinadumu miezi 15, muda ambao huisha haraka kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo wakala mzuri huanza kuandaa nyongeza mapema. Mtoto akipendekezwa, inafuata I-800, yaani fomu ya mtoto huyo mwenyewe, kibali cha muda, ombi la viza na barua ya Kifungu cha 5 cha Mkataba wa The Hague kutoka ubalozi wa Marekani. Hapo ndipo mahakama ya familia ya Korea inapokata shauri. Ukipewa mtoto kisheria kabla ya barua hiyo, viza inaweza kukwama, na kosa hilo halirekebishiki kwa simu. Mwambie wakala akuandikie hatua hizo kwa mpangilio, bila kuchungulia popote. Akichanganya I-600, fomu ya nchi zisizo kwenye Mkataba wa The Hague, na I-800, bado anaishi enzi ya kabla ya Oktoba 2025.

Faili la mtoto lidai katika Kikorea chenyewe, lililopigwa skani, tafsiri iwe pembeni. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea iliwatambua waathirika 56 kati ya walalamikaji 367: watoto ambao wazazi wao walijulikana waliandikwa kuwa wametelekezwa, na wengine walivishwa utambulisho wa mtoto mwingine. Mstari unaosema "alikutwa" bila mahali, tarehe wala ofisi iliyompokea, uhojiwe. Kwenye chati ya ukuaji tafuta mzingo wa kichwa uliopimwa kwa tarehe tatu tofauti au zaidi, maana kipimo kimoja hakimsaidii daktari. Una wiki mbili za kufikiri kabla ya pendekezo kuondolewa. Wakala anayetaka jibu Ijumaa hii anavunja kanuni.

Mwisho, muulize nani ataitunza nakala ya faili akifunga ofisi, na akuthibitishie kwamba mtoto ataingia kwa viza ya IH-3, ya mtoto aliyekwisha kuasiliwa kisheria kwao chini ya Mkataba wa The Hague. Viza hiyo humpa uraia mara anapoingia kuishi na wazazi wake, na cheti hutumwa nyumbani bila fomu nyingine. Kikichelewa, anza kufuatilia mwenyewe USCIS, ukiwa na nakala ya hukumu ya mahakama mkononi.