TAHADHARI: Namba ya nje ikikubipu, usiipigie

Ndugu zangu, hasa mlio na watoto Oman, Saudia au Dubai, naomba mnisikilize. Namba ya nje usiyoijua ikikubipu, iache.

Kuna mama hapa mtaani, binti yake anafanya kazi za ndani Muscat. Juzi alfajiri simu ikalia mara moja, ikakatika. Kuona namba ina jumlisha mbele, moyo ukampasuka: mwanangu kapatwa na jambo! Akapiga. Ikawa inaita tu, naye anasubiri, mpaka vocha yote ikaisha. Binti mwenyewe alikuwa amelala, mzima wa afya. Ile namba ilianza na +225, ambayo ni ya Ivory Coast. Oman ni +968.

Ujanja uko kwenye huo mlio. Unaousikia ukiita umerekodiwa. Simu ilishapokelewa na salio linakatwa, wewe unadhani bado inaita. Tazama kioo cha simu yako: ukiona sekunde zinahesabu na sikioni bado inaita, kata hapo hapo. Wengine wanaweka muziki, au mtu anayeongea lugha usiyoijua, ili mradi ukae hewani.

Ukipiga nje, mtandao wako unaulipa mtandao wa huko kwa kila dakika. Matapeli hutafuta namba zenye gharama kubwa, wakagawana mapato na wanaozimiliki. Mashine inabipu watu wengi kwa mpigo, na sisi tumezoea: ukibipiwa, mtu anataka umpigie. Dakika za kifurushi cha kawaida hazihusiki na simu za nje, inaliwa vocha, tena kwa bei ya simu za nje.

Soma tarakimu zinazofuata ile jumlisha, na usisome haraka. +225 na macho ya usingizi inageuka +255 ya kwetu Tanzania. +265 ni Malawi. +881 ni simu za satelaiti, ghali mno. Mlioko Marekani nanyi muwe macho: 876 ya Jamaica na 473 ya Grenada zinaanza na +1 kama namba za hapo hapo, lakini unatozwa simu ya nje. Nchi hizo hazina kosa, wapo watu wema wenye ndugu huko. Kosa ni la matapeli.

Kubipiwa tu ukiwa nchini kwako hakukukati hata senti. Ukiingiwa na wasiwasi, mpigie mwanao kwa namba yake unayoijua, au WhatsApp. Mwenye shida ya kweli atapiga tena au atatuma ujumbe. Namba ya tapeli izuie, na kwa Tanzania utapeli wa simu unaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Kama mzazi wako hapigi simu nje kabisa, piga huduma kwa wateja wa mtandao wake uombe wafunge simu za kwenda nje kwenye laini yake. Zinazoingia kutoka nje ataendelea kuzipokea kama kawaida.