Mashine ya kufua ya mapipa mawili kwa nyumba ambayo mke ndiye mwenye mshahara

Wale mnaouliza kama hizi mashine za nusu otomatiki zinafaa huku Malindi, zinafaa, tena kwangu mimi zinashinda zile otomatiki kabisa, manake mfereji wetu ni wa leo upo kesho haupo na hii unajaza hata kwa ndoo, haingojei presha. Tulichukua ya kilo saba kwa 18,000.

Pipa moja linafua, la pili linakamua, na nguo unahamisha mwenyewe, kwa hivyo si ya kuwasha ukaenda zako barazani. Kufua inafua vizuri, ila kola ya kanzu bado utaisugua kwa mkono, na baibui usilitie pamoja na taulo, litatoka limejaa manyoya meupe mpaka uchoke kuokota. Kukamua ndio raha yenyewe, shuka zinatoka karibu kavu, ukizianika na hili jua letu ni muda mdogo tu umeshakunja. Tokeni za stima sijaona zikikimbia, haichemshi maji ni mota tu inazunguka. Shida ni maji ya kisima, ile chumvi sabuni haitoi povu na vyuma vinaliwa, sisi tunalowekea tu halafu kufua na kusuuza ni maji matamu. Na mifuko ipekueni jamani! Mimi naendesha tuktuk, suruali zangu ni sarafu tupu, ikiponyoka moja ikaingia chini ya ile sahani inayozunguka utasikia mlio kama kokoto kwenye sufuria.

Sasa la pesa, manake hata kununua kwenyewe kulikuwa na mjadala. Mke wangu ni mwalimu, anapata kama mara mbili yangu, na mimi tuktuk si yangu, jioni lazima tajiri apate hesabu yake kwanza ndio nijue changu, na wageni wakishaondoka na masika yakaingia mwezi wa nne hata hicho changu kinapungua. Kugawa nusu kwa nusu kungenimaliza. Tukagawa kwa uwezo, yeye 12,000 mimi 6,000, na kodi na stima tunaenda hivyo hivyo, mwezi nikishuka tunapiga hesabu upya.

Najua wapo watakaosema nafaka, yaani matumizi ya nyumba, ni juu ya mume na mali ya mke ni yake mwenyewe. Ni kweli, ndio maana sijamwekea fungu, alisema kiasi chake kwa mdomo wake, na akikataa kesho sina la kumdai. Ila kwa kazi za nyumba sikubaliani na wale wa stejini kwetu wanaosema eti anayeleta kidogo ndiye aoshe vyombo, wala wale wengine wanaosema mwanamke hata alete milioni kufua ni kwake. Mke wangu anarudi na madaftari anasahihisha mpaka usiku, mimi saa za mchana abiria hamna niko nyumbani, basi nafua mimi. Yeye anapika, watoto tunasaidiana. Tunaangalia nani ana nafasi na nani amechoka, hela tunaziongea siku nyingine. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hapa Kenya inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango, ingawa sisi Waislamu imeturuhusu kufuata sharia yetu.

Uani walicheka sana mwanzoni, eti nimelishwa limbwata. Saa hii hao hao wananiletea mablanketi, nawatoza mia na maji waje nayo, na hiyo mia inaingia kwenye tokeni.

Duka silitaji, lakini mpira wa kumwagia maji ulikuja umepasuka, kurudisha wakanizungusha njoo kesho njoo Jumatatu mpaka nikanunua mwingine hadiwea. Kwa hivyo ukinunua fungua boksi pale pale dukani, ukague mpira na waya kabla hujatuma hela, na ndogo ya chini ya kilo saba usichukue, blanketi halizunguki. Nyota nne. Pasi bado tunagombania.