Rivyu ya kozi ya mtandaoni ya skolastiki: somo la mdahalo ni moto, Ibn Rushd kapunjwa

Nimemaliza hii kozi ya falsafa ya Kikristo ya Zama za Kati, na kwa anayejiuliza kama inamfaa mtu ambaye hajasoma theolojia, jibu ni ndiyo, inafaa sana, ila kuna sehemu wamekimbia mno na zile kwizi zao hapana kwa kweli.

Walichopatia kuliko vyote ni maana yenyewe ya skolastiki. Wengi tukiisikia tunadhani ni mafundisho fulani ya kanisa yaliyopangwa kwenye orodha, au mapadre wa zamani wanabishania vitu visivyo na kichwa wala miguu. Mwalimu anakwambia mapema kabisa kwamba ni namna ya kufikiri na kufundisha, unachukua swali, unaanza na hoja za anayepinga tena kwa nguvu zake zote, halafu ndo unajibu. Ndo maana wanafikra wa Zama za Kati kama Thomas Aquinas, Duns Scotus na William wa Ockham wote wanaitwa wanaskolastiki wakati wanapingana kwenye mambo mazito kabisa.

Masomo ya mwanzo yanakwenda vizuri tu, Anselm, mtawa wa karne ya 11, na ile imani yake inayotafuta kuelewa, kisha Abelard, mwalimu wa karne ya 12, aliyechukua maswali 158 akapanga kauli za mababa wa kanisa (waandishi wakubwa wa kanisa la mwanzo) zinazogongana, hizi zinasema ndiyo hizi zinasema hapana, akaacha bila majibu ili wanafunzi wasumbue vichwa wenyewe. Na hakuwaacha hivi hivi, kwenye utangulizi aliwapa kanuni: angalia kama maandishi yamekosewa na wanakili, angalia kama neno moja limetumika kwa maana mbili. Mi naona hapo ndo unaelewa kwamba hawa watu waliheshimu maandiko kwa kuyauliza maswali.

Sasa somo la mdahalo, aisee. Linaeleza ilivyokuwa kwenye chuo kikuu cha Paris karne ya 13, mwalimu anatangaza swali, mwanafunzi wake mkubwa anasimama kujibu hoja zinazorushwa na waliohudhuria, na siku nyingine mwalimu anarudi kutoa uamuzi wake na kupangua hoja moja moja. Kipindi cha Majilio na Kwaresima kulikuwa na midahalo ya wazi ambapo mtu yeyote aliyekuja aliweza kuuliza swali lolote, yaani mwalimu anakaa mbele hajui kitakachomjia.

Halafu wanafungua ukurasa wa Aquinas wenyewe, lile swali kama Mungu yupo, wanausoma mstari kwa mstari. Anaanza kwa kusema inaonekana hayupo. Kwanini? Kwa sababu Mungu akiwa wema usio na mwisho basi ubaya usingekuwa na nafasi popote, lakini ubaya tunauona. Hoja ya pili, mambo yote ya dunia yanaweza kuelezwa kwa maumbile na kwa utashi wa binadamu, Mungu wa nini? Hizo hoja mbili mpaka leo ndo zinazotumiwa na wasioamini, na yeye kaziweka mbele kabisa bila kuzilegeza. Kisha linakuja andiko la Kutoka 3:14, "Mimi niko ambaye niko", kisha zile njia tano, yaani hoja zake tano za kuonyesha Mungu yupo, kisha anarudi kwa wapinzani wake wawili na kumjibu kila mmoja. Nilirudia hiyo video mara kadhaa na bado naipenda.

Nilipochukia ni somo la vitabu vya Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kurudi Ulaya. Limepita kama upepo. Aquinas na wenzake mara nyingi walimwita Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyefafanua vitabu vya Aristotle, "Mfafanuzi" tu bila kutaja jina na kila mtu alijua ni nani, na Ibn Sina, mwanafalsafa mwingine Mwislamu, ndiye aliyewapa ule utofauti wa kitu ni nini na kitu kuwepo, sasa unawezaje kuwataja kwa dakika chache halafu unahamia kwingine? Hata habari ya Paris imekatwa, mwaka 1210 vitabu vya Aristotle vya maumbile vilipigwa marufuku kufundishwa, 1255 vikawa lazima kwenye kitivo cha sanaa, na 1277 askofu Étienne Tempier akalaani kauli 219, nyingi zikitokana na usomaji wa Aristotle na Ibn Rushd. Huo mvutano ndo ulioipa skolastiki joto lake, mtu akiukosa ataona majina na miaka tu.

Kwizi nazo zinauliza Aquinas alizaliwa lini, Ockham alikuwa shirika gani la watawa. Kozi inayofundisha kubishana ilitakiwa ikupe swali moja uandike mwenyewe hoja za kupinga msimamo wako kabla hujaujibu.

Sauti iko safi, video ni fupi, unasikiliza hata kwa simu. Ukijiunga usianze na historia, nenda kwanza somo la mdahalo ndo urudi kwa Anselm, na la Ibn Rushd tafuta kitabu kando.