Coca-Cola ipi ununue? Tazama chombo na tarehe kabla ya ladha

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu soda yanafanana sana. Mmoja kanunua Coca-Cola isiyo na sukari, anasema haina utamu wowote, kama maji yaliyotiwa rangi. Mwingine kafungua chupa ndogo ya plastiki na haikutoa hata ule mlio wa gesi. Wa tatu anaapa kwamba Coca-Cola ya siku hizi imechakachuliwa. Wote wanauliza wahamie aina gani. Nikiwauliza soda ilikuwa kwenye chombo cha namna gani, na tarehe iliyochapwa shingoni ilisemaje, hakuna anayekumbuka.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na ladha. Sukari nayo siizungumzii: kopo la mililita 330 lina gramu 35, na anayejali jambo hilo ameshalijua zamani. Nataka kuzungumzia gesi, maana ndiyo tunayoilipia na ndiyo inayopotea kabla hatujafika nayo nyumbani.

Kinywaji hiki kilizaliwa na gesi. John Pemberton, mfamasia wa Atlanta katika jimbo la Georgia, alikuwa akiuza dawa ya mvinyo uliotiwa majani ya mkoka, mmea unaotoa kokeini. Atlanta ilipopiga marufuku pombe mwaka 1886, akatengeneza shira isiyo na kileo, na tarehe 8 Mei mwaka huohuo ikaanza kuuzwa katika duka la dawa la Jacobs kwa senti 5 glasi. Shira hiyo ilichanganywa na maji ya gesi palepale mbele ya mnywaji. Mtunza hesabu wake, Frank Robinson, ndiye aliyechagua jina na kuliandika kwa mwandiko ule wa kulaza tunaouona hadi leo. Pemberton alifariki mwaka 1888. Biashara ikaangukia mikononi mwa Asa Candler, mfanyabiashara wa Atlanta, ambaye hakuziamini sana chupa: mwaka 1899 aliwapa wanasheria wawili wa Chattanooga haki ya kuijaza Coca-Cola kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa dola 1 tu.

Candler alikuwa na sababu ya kuogopa. Kuifungia gesi ndani ya chombo ni kazi ngumu. Soda inapotoka kiwandani, kila lita ya kinywaji imebeba hewa ukaa inayokaribia lita nne, na hewa hiyo haipendi kukaa humo. Ndiyo inayouma ulimi, ndiyo inayoupunguza makali utamu. Ikiondoka, kinachobaki ni shira, na hapo ndipo mtu anaposema soda imechakachuliwa.

Kioo kilitatua tatizo hilo. William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha bati mwaka 1892, kile chenye meno ya kubana mdomo wa chupa. Mwaka 1915 kiwanda cha vioo cha Root, huko Terre Haute, Indiana, kikabuni chupa yenye kiuno, kwa kuiga umbo la tunda la kakao. Lengo lilikuwa mtu aitambue gizani kwa kuipapasa tu, au aione imevunjika chini na bado ajue ni ya nani.

Kisha ikaja plastiki. Nathaniel Wyeth alipata hataza ya chupa ya plastiki inayostahimili gesi mwaka 1973, na miaka michache baadaye Coca-Cola ikawa inauzwa kwenye chupa ya lita 2. Ni nyepesi, haivunjiki, na wasafirishaji waliipenda. Lakini plastiki hiyo inapitisha hewa. Gesi hupenya ukutani polepole, siku baada ya siku, hata kama kifuniko hakijaguswa. Joto huongeza kasi. Chupa ikiwa ndogo, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa soda ni kidogo na ukuta unaoizunguka ni mwingi. Kasoro hii haitajwi popote dukani. Chupa ya lita 2 na chupa ndogo ya plastiki zilizojazwa siku moja na kukaa rafu moja hazizeeki sawa.

Ipime kabla ya kulipa. Shika chupa ya plastiki katikati, ibonyeze kwa dole gumba. Iliyo mpya ni ngumu, dole halizami kabisa. Ikibonyea na kutoa ule mlio mkavu wa plastiki, gesi imeshaondoka kiasi, irudishe. Halafu isogeze karibu na macho uone kiwango cha soda shingoni, ulinganishe na chupa ya jirani. Mwisho soma tarehe.

Sasa orodha yangu. Nasema wazi kwamba mimi ni wa Coca-Cola, na chapa nyingine sizifikirii kwa uzito uleule.

1. Coca-Cola ya asili, chupa ya kioo. Hakuna kinachoikaribia. Kioo hakipitishi gesi wala hakitii harufu. Ukiinunua, usihangaike na mikwaruzo myeupe inayozunguka bega na tumbo la chupa. Hiyo hutokana na chupa kugongana kiwandani kila inaporudishwa kujazwa upya, na inakuonyesha umri wa chupa, si wa soda. Angalia kizibo. Kikiwa na kutu kwenye meno, soda imekaa mahali penye unyevu kwa muda mrefu, na ukikifungua utaona duara la kahawia limebaki mdomoni mwa chupa. Mimi hiyo siinywi.

Marekani kuna watu wanaotafuta kwa bidii Coca-Cola ya chupa kutoka Mexico, kwa sababu ina sukari ya miwa, wakati ya kwao ya kawaida imetiwa shira ya mahindi tangu miaka ya 1980. Wengine huvizia chupa zenye kifuniko cha manjano zinazotengenezwa kwa ajili ya Pasaka ya Wayahudi, zisizo na shira hiyo. Siwabishii kuhusu sukari. Ila naamini sehemu kubwa ya wanachokisifu katika ile ya Mexico ni kioo chenyewe.

2. Coca-Cola ya asili, kopo. Makopo ya Coca-Cola yalitengenezwa kwanza kwa wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo mwaka 1955, yakaingia sokoni kwa raia mwaka 1960. Gesi haipenyi, mwanga hauingii, na ndani kuna utando unaozuia asidi isile bati. Tarehe iko kitakoni. Epuka kopo lililobonyea kwenye ukingo wa juu, pale kifuniko kilipokunjwa, kwa sababu ndipo linapoanza kuvuja.

3. Coca-Cola Zero Sugar, kopo peke yake. Hapa ndipo jibu la yule msomaji wa kwanza lilipo, na ningependa kila anayekunywa soda isiyo na sukari alielewe.

Ilianza mwaka 2005 kwa jina la Coke Zero, ikapewa jina la sasa mwaka 2017, na kanuni yake ya utengenezaji ikarekebishwa tena mwaka 2021. Utamu wake hutoka kwenye vitamu viwili bandia, aspartamu na asesulfamu K. Aspartamu haidumu. Ndani ya kinywaji chenye asidi kali kama hiki huvunjikavunjika kadiri muda unavyopita, na kwenye joto huvunjika upesi zaidi. Haiozi, haibadiliki rangi, haitoi harufu. Inapoteza utamu tu, kimyakimya. Sukari ya kawaida haina tatizo hilo: hata ikigawanyika ndani ya soda, utamu unabaki. Ndiyo maana soda isiyo na sukari hupewa muda mfupi wa matumizi kuliko ile ya asili. Sasa chukua kinywaji kinachopoteza utamu, kitie kwenye chupa inayopoteza gesi, kisha ukiache juani. Unachokunywa mwishoni ni maji ya rangi, na msomaji wangu hakukosea hata kidogo kusema hivyo.

Ikiwa mpya, kwenye kopo, baridi, naiheshimu sana. Inafuata ladha ya ile ya asili kwa karibu. Usinunue yenye tarehe iliyokaribia kwisha, hata wakikupunguzia bei nusu. Na wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuivunja fenilalanini, wasiiguse kabisa, kwa kuwa aspartamu ina fenilalanini hiyo.

4. Diet Coke, inayoitwa Coca-Cola Light katika nchi nyingi. Hii haikukusudiwa kamwe ifanane na ile ya asili. Ilitoka mwaka 1982 ikiwa na kanuni yake yenyewe, nyepesi zaidi mdomoni na yenye kafeini nyingi: kopo la Marekani la mililita 355 lina miligramu 46, wakati ile ya asili ina 34. Anayeipenda huipenda kweli, na kumwambia ahamie Zero ni kumpotezea muda. Ila toleo la Marekani linategemea aspartamu peke yake, kwa hiyo niliyoyasema kuhusu tarehe yanalihusu maradufu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa balaa la 1985. Wakuu wa kampuni, chini ya Roberto Goizueta, walichukua mwelekeo wa Diet Coke, wakaweka shira ya mahindi badala ya kitamu bandia, wakaitangaza tarehe 23 Aprili kuwa ndiyo Coca-Cola mpya, na ile ya zamani wakaiondoa. Walikuwa wameionjesha kwa takribani watu 200,000, na wengi waliipendelea. Lakini waliionja kwa funda moja. Funda moja husifu utamu. Chupa nzima ni habari nyingine. Watu walipiga simu, wakaandika barua, wakaandamana, na tarehe 11 Julai kampuni ikatangaza kuirudisha ile ya asili. Siku 79. Kila anapotokea mtu wa kuniambia ladha imebadilishwa kisirisiri, naelewa hofu hiyo ilipoanzia. Kwa kawaida, lakini, kilichobadilika ni gesi.

5. Zenye ladha za ziada. Cherry ilitoka 1985, ikafuatwa na Vanilla mwaka 2002. Cherry nainunua, Vanilla inanifunika ule uchungu mdogo wa mwisho ninaoupenda. Zile za toleo maalumu, zenye majina ya nyota na anga, nunua moja uonje uache. Isiyo na kafeini, iliyoanza mwaka 1983, ni chaguo zuri kwa usiku na inadharauliwa bila sababu. Coca-Cola Life ya kopo la kijani, iliyoanzia Argentina na Chile mwaka 2013 ikiwa na stevia, kitamu cha mmea, imeondolewa karibu kila mahali, na Tab, soda ya kampuni hiyohiyo isiyo na sukari, mkongwe wa 1963, ilizikwa mwaka 2020.

6. Chupa ya plastiki ya lita 2. Kwa watu wengi watakaoimaliza kikao kimoja tu. Ukishaifungua na kumimina nusu, gesi huhamia kwenye nafasi tupu, na kila unapofungua tena unaiachia. Wale wanaoibinya chupa ili kuitoa hewa kabla ya kufunga wanajidhuru: plastiki hujaribu kurudia umbo lake na kuivuta gesi itoke kwenye soda.

7. Chupa ndogo ya plastiki. Ya mwisho, na ndiyo inayouzwa kwa wingi kila pembe. Hesabu bei kwa mililita utashangaa: chombo kinachopoteza gesi haraka kuliko vyote unakilipia ghali zaidi kwa kila funda kuliko chupa ya lita 2. Hapo ndipo ninapokasirika. Chupa inapunguzwa ujazo kidogo, umbo linabaki lilelile, bei haishuki, na mnunuzi hapewi hata mstari mmoja wa maelezo.

Kola za bei ya chini zenye majina ya duka? Karibu zote ziko kwenye plastiki. Zinywe siku unayonunua.

Wauzaji nao wana lao. Wapo wanaopanga katoni za plastiki nje ya mlango, jua likizipiga kutwa, kisha jioni wanazitia kwenye friji na kuziuza kama vile hakuna kilichotokea. Ubaridi haurudishi gesi iliyotoka, wala hauurudishi utamu wa aspartamu. Wapo wanaosukuma zile za zamani mbele ya rafu, kwa hiyo nyoosha mkono uchukue ya nyuma. Wapo wanaokupa "nunua mbili upate moja" bila kukuambia kwamba zote tatu zimebakiza wiki. Duka moja nililolizoea lilinigombeza kwa kubonyeza chupa, eti naziharibu. Chupa nzima haiharibiki kwa dole gumba.

Na mgahawani, soda ya mashine ina bahati nasibu yake. Shira huchanganywa na maji ya gesi kwa kipimo cha moja kwa tano, na mtungi wa gesi ukikaribia kwisha, au kipimo kikiachwa bila kurekebishwa, unaletewa glasi ya shira yenye barafu kwa bei ya kuumiza. Muulize mhudumu kama wana kopo au chupa ya kioo isiyofunguliwa, na umwombe aifungulie mezani.