Mabwawa ya Bamburi na Nguuni: siku moja na ndege wa kaskazi

Nakaa Mji wa Kale, na kwetu ukitaja ndege, mtu anafahamu kunguru. Kunguru hawa wa Bara Hindi waliletwa Unguja miaka ya 1890, wakafika Mombasa mwaka 1947, na kazi yao ni kula mayai na makinda ya ndege wadogo. Ami yangu husema uani kwao walijaa chozi, ndege wadogo wafyonzao maua, alipokuwa mtoto. Sasa hamuoni hata mmoja. Basi Jumamosi moja ya Januari, jua la kaskazi likiwaka, nikampeleka Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi.

Tulifika lango likifunguliwa, na hilo namsisitizia kila mtu. Watu wakishaanza kukusanyika kulisha twiga, kelele zinakuwa nyingi na ndege wanajificha.

Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu miti ya aina 26 juu ya jiwe tupu, na aina tatu tu ndizo zilizoshika, mvinje ikiwemo. Majani ya mvinje yalikataa kuoza mpaka akaleta majongoo wayatafune, kinyesi chao kikawa udongo. Palipochimbwa hadi kufikia maji pakawa mabwawa. Samaki wakatiwa, na ndege wakawafuata samaki.

Tulikaa kando ya bwawa moja zaidi ya saa nzima, na sijutii hata dakika. Mdiria mweusi na mweupe alisimama hewani, mbawa zikipiga papo kwa papo, kisha akajitupa majini kama jiwe na kutoka na kidagaa. Mnandi alikuwa juu ya gogo, mbawa kazitandaza kama nguo kwenye kamba, maana manyoya yake hulowa akizamia. Ukingoni kitwitwi alitembea akitikisa mkia bila kupumzika. Huyo hukimbia baridi ya Ulaya na Asia, akakaa kwetu kaskazi yote, masika akarudi. Ndiyo maana nasema msingoje miezi ya baridi. Mje kaskazi, joto lake mtalivumilia kwa dafu. Na juu ya maji minana dume walikuwa wakisuka viota. Jike huja kukagua, asiporidhika anaondoka zake. Ami alicheka mpaka machozi.

Kijana aliyetutembeza nampa sifa zote. Aliwajua ndege kwa majina ya Kiswahili, na alijua kunyamaza. Lililoniudhi ni darubini niliyokodi dukani mjini: ndani ya kioo mlikuwa na ukungu, na nililipia siku nzima. Ijaribuni mkiwa bado dukani, mkielekeza kitu cha mbali. Bebeni na vitambulisho, kwani raia hulipa kiingilio cha chini.

Alasiri tukaenda Nguuni kwa tuktuk, baada ya kupiga simu kwanza kuulizia nafasi. Ni nyika yenye mikoma na mabwawa madogo, pofu, wale swala wakubwa, na twiga wakizunguka wapendavyo. Yangeyange walitembea miguuni mwa pofu, wakidaka panzi wanaoruka kila kwato zikigusa nyasi. Upepo pale ni mzuri kuliko Bamburi, na watu ni wachache sana. Lau ningekuwa na nusu siku tu, ningeenda bwawani asubuhi, lakini kwa mtu mzima anayechoka haraka, Nguuni jioni ndiko kwenyewe.

Tulikuwa tunajitayarisha kuondoka. Penye maua ya mshubiri kitu kidogo kikang'aa, kikainama, kikachovya mdomo wake uliopinda. Nikataka kuinua simu nipige picha. Ami akanishika mkono.

"Tulia, mwanangu," akanong'ona. "Chozi huyo."