Sinia la Kigujarati: unga mmoja wa dengu, na kila kipande kina ladha yake

Haya jamani, karibuni. Leo mezani hakuna nyama wala yai. Kuna sinia la vitafunio vya Kigujarati, wenyewe huviita farsan, na karibu kila unachokiona hapa kimetoka kwenye unga mmoja tu: unga wa dengu. Njano ile pale, ile ya njano iliyopauka, zile tambi, vile vijirolo, vyote dengu. Sasa swali langu la leo ni hili: kama unga ni mmoja, kwa nini hiki kinavunjika mdomoni, kile kinanepa kama sponji, na hiki kingine kinateleza?

Vingi nimevinunua Kisutu, hapa hapa Dar. Watu wa Kutch na Kathiawar, sehemu mbili za jimbo la Gujarat magharibi mwa India, walivuka bahari kuja pwani yetu tangu enzi za majahazi, na jiko lao wakaja nalo. Ndiyo maana chevda unaijua tangu shule ya msingi. Siichambui sana leo: mchele uliopondwa bapa, jamaa wa pepeta zetu, karanga, zabibu kavu, majani ya mchuzi, sukari kidogo, limau. Hii ya leo ni nzuri, karanga hazijaungua. Tusonge.

Gathiya. Hii ni ya mtindo wa Bhavnagar, mji ulioko kwenye ghuba ya Khambhat. Ngoja niisogeze kwenye maikrofoni... mmesikia? Haikupasuka kwa kelele, imevunjika kwa upole. Hiyo ndiyo gathiya. Ikikukwaruza ufizi, mpishi amekosea. Ndani kuna unga wa dengu, mafuta, chumvi, pilipili manga iliyopondwa nusu, ajwani, zile mbegu ndogo zenye harufu kali ya dawa, halafu chumvi fulani ya jamii ya magadi. Siri iko kwenye hiyo magadi. Inalainisha na kuumua, lakini ikizidi kidogo gathiya inakuwa nyekundu na inaacha ladha ya sabuni nyuma ya ulimi. Hii yangu... mmh. Iko sawa. Pilipili manga inakuja mwisho, wakati umeshameza. Napenda sana hapo.

Huko Kathiawar, gathiya ni chakula cha asubuhi, na chai. Inakuja na pilipili mbichi zilizokaangwa na papai bichi lililokunwa na kupitishwa kwenye moto na haradali na manjano. Papai lile si pambo. Gathiya ni mafuta na unga, ukila peke yake kinywa kinachoka haraka. Ukitia papai unaanza upya. Dukani kwetu hapa mara nyingi unauziwa gathiya kwenye mfuko, papai hakuna. Kuna papai bichi kila soko la nchi hii, kuna pilipili, sasa tunashindwa wapi? Jikunie mwenyewe.

Nduguye ni fafda, hizi pana kama utepe. Siku ya Dasara, sikukuu ya Kihindu, Wagujarati wanaila na jalebi, ile tamu ya mduara inayodondosha shira. Chumvi na sukari kwa mpigo mmoja. Najua kuna watakaokunja uso. Jaribuni kwanza.

Na hapa niseme jambo, maana kila nikionja vitu hivi mtu ananiuliza: "Mbona wametia sukari kwenye chakula cha chumvi?" Ndugu yangu, wamekusudia. Chukua hii, khaman, hii ya njano yenye vitobo. Imepikwa kwa mvuke, si kwa mafuta. Ikitoka kwenye mvuke wanaimwagia maji yenye sukari na limau, kisha haradali na majani ya mchuzi vilivyorushwa kwenye mafuta ya moto. Ukiibonyeza inatoa maji. Bila ile sukari, limau lingekushambulia na haradali ingeachwa chungu. Sukari hapa inafanya kazi ya refa. Na si Gujarat nzima inapika hivyo: chakula cha Kathiawar ni kikali zaidi, pilipili na kitunguu saumu kwa wingi, sehemu nyingine utamu unaongezeka.

Hii khaman ya leo lakini, nisiwadanganye, imelala. Pembeni imekauka, katikati haina maji. Duka silitaji. Khaman ni ya siku ile ile, basi. Kwa hiyo nne kwa kumi.

Sasa sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Hiki kijirolo chembamba ndicho khandvi, na ndicho kimenifanya niwashe kamera. Hebu nikueleze kinavyotengenezwa. Unga wa dengu sehemu moja, mtindi uliozimuliwa kwa maji kama sehemu tatu, tangawizi, pilipili mbichi, manjano. Unakoroga kwenye moto mdogo bila kuondoa mkono. Ukiuacha kidogo, madonge. Ukiwahi kuepua, haujikunji, unabaki uji. Ukichelewa, unakuwa mgumu na hautandaziki. Wapishi wanapaka tone kwenye sahani, wanangoja kidogo, wanajaribu kulibandua: likibanduka zima, hapo hapo wanaepua na kumwaga nyuma ya sinia, wanautandaza mwembamba mbio mbio kabla haujashika. Unapoa, unakatwa mistari, unakunjwa. Juu haradali, ufuta, nazi iliyokunwa na giligilani.

Huyu aliyetengeneza hii ni mama anayepikia nyumbani kwake, na mkono wake unaonekana. Angalia, nikiufungua taratibu... haukatiki. Naona kidole changu kwa upande wa pili. Mdomoni hutafuni, unayeyuka wenyewe, uchachu wa mtindi unatangulia, halafu ufuta. Tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu pilipili ameionea huruma.

Patra haraka haraka: majani ya magimbi yaliyopakwa unga wa dengu wenye ukwaju na sukari guru, yakakunjwa, yakapikwa kwa mvuke, yakakatwa vipande. Majani ya magimbi yasipoiva vizuri yanawasha koo, na ule ukwaju unasaidia hapo. Haya hayawashi. Ukiyakaanga kidogo nje yakawa makavu, ni mazuri kuliko yalivyo hapa.

Kachori imepoa, nimeiacha.

Ukienda kununua, gathiya, chevda na khakhra, ile mikate myembamba iliyokaushwa, chukua ya wiki nzima, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, maana unyevu wa Dar utaimaliza. Khandvi na khaman uliza kwanza zimetoka jikoni saa ngapi. Muuzaji akisema "za leo" bila kukutazama, nunua gathiya uondoke. Bei zote nimeweka kwenye maelezo chini ya video. Na kama kwenu Mombasa, Unguja au Kampala kuna mtu anayeuza gathiya pamoja na lile papai lake, niandikieni mtaa, nitakuja.