Toyota Vitz: jina moja, magari matatu

Habari zenu ndugu watazamaji. Leo nimesimama katikati ya Vitz tatu hapa Kampala, na kabla sijafungua boneti hata moja, sikilizeni kwanza mlango wa hii ya bluu. Haya, naufunga. Mmesikia? Umefunga mara moja, bila kusukumwa. Vitz hii ilitoka kiwandani kabla binti yangu mkubwa hajazaliwa, na binti huyo sasa ameshamaliza shule ya msingi.

Kila wiki ninapata ujumbe wa aina hii: "Kaka, nina pesa ya Vitz, nichukue?" Nami jibu langu ni swali: Vitz ipi? Huku kwetu Uganda tunalitaja jina hilo kama vile ni gari moja. Ni magari matatu, na kila moja lina injini yake, gia zake na ugonjwa wake. Ukichanganya, fundi atakula pesa yako bila hata kukudanganya, kwa sababu wewe mwenyewe hukujua umenunua nini.

Tuanze na mzazi. Kabla ya Vitz kulikuwa na Starlet, jina ambalo Toyota ilianza kulitumia 1973 na kulistaafisha 1999. Wazee wetu wengi waliijua barabara kupitia Starlet. Lilikuwa gari la kweli, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 lilishaonekana kama kiatu kizuri kilichopitwa na wakati. Toyota haikutaka kukishona upya. Ilianza na karatasi tupu, na mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa Mgiriki aitwaye Sotiris Kovos, aliyekuwa akifanya kazi kwenye studio ya Toyota huko Ulaya. Januari 1999 Vitz ikaingia sokoni Japani. Ulaya wakaiita Yaris. Ikashinda tuzo ya gari bora la mwaka la Japani kwa msimu wa 1999 na 2000, kisha ikashinda na ile ya Ulaya ya mwaka 2000. Gari dogo la bei ya chini kushinda kote kuwili si jambo dogo.

Sasa njooni hapa karibu muone kwa nini. Gari hili lina urefu wa mita 3.61 tu. Angalieni magurudumu: yamesukumwa mpaka pembeni kabisa, mbele na nyuma, hakuna bati refu linaloning'inia. Paa limeinuliwa. Kwa hiyo unakaa wima, kama uko kwenye kiti cha mezani, na miguu inapata nafasi kwa kushuka chini badala ya kunyooka mbele. Mimi si mfupi, na nikikaa nyuma hapa magoti yangu hayagusi kiti cha dereva. Halafu hii saa ya spidi, mnaona iko katikati ya dashibodi, mbali kidogo, ndani ya kishimo chake? Jicho likitoka barabarani halihangaiki sana kuisoma. Na kiwanda kilipata faida pia, maana usukani ukiwa kulia au kushoto, saa haihami.

Injini ya hii ya bluu ni ya cc 997, pistoni nne, yenye VVT-i, yaani vali zake hubadilisha muda wa kufunguka kulingana na mwendo. Inatumia mnyororo ndani badala ya mkanda wa mpira, na ukiibadilishia oili kwa wakati, mnyororo huo unakaa miaka. Gia zake otomatiki ni za kawaida, nne. Kila fundi wa mjini anazijua. Spea zake utapata Kisekka, soko la spea hapa Kampala, asubuhi hiyo hiyo, tena nyingine utapewa za ndugu zake, kwa sababu Vitz hii ilizaa ukoo mzima: Platz, Funcargo, Ist, hata Probox tunayoiona ikibeba kila kitu duniani. Wote hao wametoka kwenye mfupa mmoja.

Vitz ya pili ndiyo hii nyeupe. Ilitoka Februari 2005. Imerefuka ikawa mita 3.75, na upana wake ni milimita 1,695. Tarakimu hiyo si ya bahati. Japani, gari likivuka milimita 1,700 kwa upana linatoka kwenye daraja la magari madogo, kwa hiyo wahandisi walisimama pembeni kabisa mwa mstari. Na ile Vitz ya tatu ina upana huo huo, pima mwenyewe.

Hapa ndipo panapotaka utulivu, tafadhali msikimbize video. Vitz nyeupe ya cc 996 ina injini ya pistoni tatu. Ikiwa imesimama utaisikia inatetemeka kidogo, namna hii, wekeni mkono juu ya usukani. Huo mtetemo mdogo ni tabia yake. Ukiwa mkubwa mpaka dashibodi inalia, basi mipira inayoshikilia injini imechoka, ibadilishe. Jambo kubwa zaidi ni gia. Nyingi za kizazi hiki zina CVT. Ndani yake hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kubana, ndiyo maana gari linapanda mwendo laini bila kushtuka. Na mkanda ule unataka oili yake maalumu ya CVT. Haitaki nyingine.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Hii nyeupe ni yangu. Niliipeleka gereji moja kwa sevisi ya kawaida, fundi akamwaga oili ya gia na kujaza ile nyekundu ya otomatiki za kawaida. Siku mbili hazikupita. Napanda kilima cha Makindye jioni, watoto wako nyuma, injini inapiga kelele, mshale unapanda, gari haliendi. Nyuma yangu foleni, boda boda wananipita kulia na kushoto, na nikikanyaga zaidi ndivyo linavyozidi kulia pale pale. Fundi wa pili alidondoshea tone la ile oili kwenye karatasi nyeupe, akaniambia, "Mzee, angalia rangi hii, hii si ya gari lako." Tukamwaga, tukajaza ya kweli, tukamwaga tena, tukajaza tena. Gari lilipona, lakini nililipa sevisi tatu kwa kosa la sevisi moja. Tangu siku hiyo oili ya gia nanunua mwenyewe, nasoma kopo mwenyewe, nasimama hapo hapo mpaka inamiminwa.

Pamoja na hayo, ninaipenda. Safari za Masaka nimekwenda nayo mara nyingi, kama kilomita 130 kutoka hapa. Kwenda na kurudi nikijaza lita 20 huwa sihitaji kituo cha mafuta njiani. Buti lake hili, nikilaza kiti cha nyuma upande mmoja, linachukua mikungu miwili mikubwa ya matooke na mabegi ya watoto. Ukiongeza wa tatu, mkia unakaa, na kila tuta la Lukaya linakugusa tumboni. Gari hili liko karibu na ardhi, hilo hakuna wa kulibishia. Kama nyumbani kwenu mvua ikinyesha njia inakuwa mfereji, Vitz yoyote kati ya hizi itakutesa.

Hii ya tatu, ya kijivu, nitapita haraka. Ilitoka Desemba 2010, urefu mita 3.885. Imehamisha saa ya spidi ikairudisha mbele ya dereva, na kioo cha mbele kinafutwa na waipa moja tu. Plastiki ya ndani ya zile za mwanzo ni ngumu kuliko nilivyotarajia kwa gari jipya zaidi. Gusa hapa kwenye mlango, utaelewa. Sura ilifanyiwa marekebisho 2014, na Januari 2017 wakaongeza ya haibridi, inayotumia petroli na umeme. Barabarani imetulia kuliko dada zake, hasa ukipishana na lori kubwa la Jinja. Februari 2020 Japani wakaacha jina la Vitz, gari lililofuata likaitwa Yaris kama kwingineko. Na mkisikia kuna Vitz mpya inauzwa Afrika Kusini tangu 2023, hiyo ni Suzuki Celerio iliyovikwa nembo ya Toyota. Spea za hizi tatu haziingii kule.

Sasa pesa. Sheria yetu ya 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kwa hiyo kwenye bondi, yaani yadi za magari yanayoingizwa kutoka nje, utakuta hii ya tatu peke yake. Ya kwanza na ya pili unanunua kutoka kwa mtu aliyekwisha kuitumia hapa hapa, na muuzaji atakuonyesha namba ya gari inayoanza na UB na kukuambia gari ni jipya. Namba inaonyesha lilisajiliwa lini Uganda. Haisemi lilizaliwa lini.

Fungua boneti mwenyewe, tafuta kibati cha chuma cha Toyota, usome. SCP10 ni kizazi cha kwanza, injini ya pistoni nne ya cc 997. KSP90 ni cha pili, pistoni tatu. KSP130 ni cha tatu, pistoni tatu vilevile. Kisha linganisha na logibuku, kile kitabu cha usajili wa gari. Vikipishana, funga boneti, mpe mkono, ondoka.

Kwa familia ya watu wanne inayokaa mjini, na mwenye gari ana fundi wa kuaminika, mimi ningechukua ya pili, lakini ile ya cc 1,300, SCP90, kwa sababu ya vilima vyetu. Ina pistoni nne na haihemi ikibeba watu. Mwenye bajeti ndogo ambaye fundi wake ni wa mtaani, achukue ya kwanza yenye gia za kawaida na asione aibu. Hii ya kijivu ni ya mwenye pesa ya kodi ya kuingiza gari nchini.

Haya, ngoja niiwashe hii ya bluu asubuhi hii ya baridi mjisikilizie wenyewe. Haijawashwa tangu jana mchana.